Amitriptilini, adenosini na kahawa: zinagongana wapi?

Mchunguzi: Wadau, naomba ufafanuzi. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, tunaambiwa inazuia serotonini na noradrenalini (kemikali za kupitisha ujumbe kati ya neva) zisirudishwe ndani ya nyuroni, yaani seli za neva. Sasa kuna majaribio ya panya ambapo kafeini ilifuta uwezo wake wa kutuliza maumivu, na kafeini kazi yake kubwa ni kuziba vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza neva. Je, amitriptilini inavishika vipokezi hivyo? Na anayeitumia aache kahawa?

Sinapsi: Haihitaji kuvishika. Inazuia adenosini isirudi ndani ya seli, hivyo nje inajaa na kukiamsha A1, kimojawapo cha vipokezi vyake. A1 kikiamka, milango ya kalsiamu kwenye ncha ya neva inabanwa, glutamati (kemikali inayochochea neva) inayomwagwa inapungua, na taarifa ya maumivu inafifia. Kafeini inakalia A1 bila kukiamsha, basi adenosini inakosa pa kufanyia kazi. Kwa panya waliozalishwa bila A1, kafeini haikuibatilisha amitriptilini. Hapo ndipo A1 ilipokamatwa. Ila hayo ni ya panya na ni ya maumivu. Kumnyima mgonjwa wa sonona kahawa kwa sababu hiyo naona ni kuruka hatua.

Dozi: Naongezea upande wa ini, maana ndiko watu wanakoumia. Kafeini huvunjwa hasa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, na fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, hukizuia vikali. Kwa kawaida kafeini hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hivi. Ukiwa na fluvoksamini, muda huo umepimwa ukifika takriban saa 31. Piga hesabu: miligramu 100 za asubuhi, kesho yake saa ileile zimebaki chini ya 4 kwa mtu wa kawaida, lakini kwa huyu zimebaki kama 58, na anaongeza kikombe kingine juu yake. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, kisha inaandikwa kwamba wasiwasi umezidi na dozi inapandishwa! Kabla ya kupandisha, uliza kuhusu chai, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na vidonge vya maumivu vyenye kafeini.

Mchunguzi: Kwa hiyo hata sertralini?

Dozi: Sertralini na esitalopramu, nazo dawa za sonona, haziigusi sana CYP1A2. Wa kuogopwa ni fluvoksamini, na zaidi mgonjwa akiwa anatumia pia teofilini, dawa ya pumu: dozi ya teofilini hushushwa hadi theluthi moja na damu ipimwe. Anayeacha sigara naye mwangalie, kwani moshi huongeza kimeng'enya hicho. Ukikoma, kafeini inapanda bila kikombe kuongezeka.

Sinapsi: Tena msidhani adenosini nyingi ni nafuu ya sonona moja kwa moja. A2A, kipokezi kingine cha adenosini, kilichojaa kwenye striatamu (sehemu ya ndani ya ubongo) karibu na vipokezi D2 vya dopamini, kinavuta upande mwingine: panya wasio nacho hukata tamaa polepole kwenye jaribio la kuogeleshwa. A1 nacho kinahusishwa na nafuu ya muda inayotokana na kukesha usiku kucha. Kafeini inaviziba vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana swali la "kahawa ni nzuri au mbaya" halijibiki bila kutaja dawa, dozi na kipokezi.

Dozi: Kivitendo, anayeanza fluvoksamini apunguze kafeini taratibu kuanzia siku chache kabla. Akiikata ghafla, kichwa kitamuuma na uchovu utamshika, na lawama itaangukia dawa mpya.