Naomba ushauri: kwa nini "tegua" na si "tegoa"?

Walimu na wapenzi wa lugha, hamjambo. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Malindi na naandaa somo la mnyambuliko wa vitenzi. Naomba mnisaidie.

Kauli ya kutendea hainipi taabu. Mzizi wenye a, i au u huchukua -i-: katia, pikia, rukia. Wenye e au o huchukua -e-: chekea, somea. Kutendesha na kutendeka hufuata mkondo huohuo, na wanafunzi huushika upesi, maana masikio yao yanaujua tangu utotoni.

Shida ni kauli ya kutendua, yaani ya kugeuza au kuondoa tendo. Funga hutoa fungua, ziba hutoa zibua, chomeka hutoa chomoa. Mpaka hapo sawa. Lakini tega hutoa tegua! Hata epua, la kuepua chungu jikoni, lina u. Kwa hiyo hapa e imeiacha o na kuungana na a, i na u. Vitabu nilivyo navyo vinaorodhesha mifano tu, havielezi sababu. Mwenzangu kazini anahisi ni kwa kuwa o hutamkwa kwa midomo ya mviringo na e sivyo. Naona ana hoja, ila sitaki kuipeleka darasani bila kuithibitisha.

Maswali yangu: je, maelezo hayo ya midomo yanatosha? Na vitenzi visivyoishia na a kama keti, kinachotoa ketisha na si "ketesha", niwaambie wanafunzi watazame irabu ya mwisho badala ya ile ya mzizi?

Natanguliza shukrani.