Tupeane uzoefu: Serial Experiments Lain ilikugusa wapi?

Wakuu, salaam.

Jana usiku nimemaliza kuiangalia Serial Experiments Lain kwa mara ya tatu na sikupata usingizi. Kwa ambao hawajaiona: ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya sehemu 13, ilirushwa TV Tokyo kati ya Julai na Septemba 1998. Mwongozaji ni Ryutaro Nakamura, hadithi kaiandika Chiaki J. Konaka, na sura za wahusika kazichora Yoshitoshi ABe. Kila sehemu inaitwa Tabaka. Lain Iwakura ni binti wa miaka 14, mkimya, nyumbani kwao watu wanaishi pamoja lakini hawaongei. Wanafunzi wenzake wanaanza kupokea barua pepe kutoka kwa Chisa, msichana wa shule yao aliyekwisha kufariki. Lain anawasha kompyuta yake, wao wanaiita Navi, na yeye anaikuta ya kwake. Chisa anamwambia ameacha mwili tu, bado yupo, ndani ya ule mtandao wanaouita Wired.

Tabaka la kwanza tu lilinimaliza. Rafiki niliyekuwa naye chumba kimoja chuoni alifariki miaka minne iliyopita na namba yake sijaifuta. Mwaka wa kwanza baada ya msiba, simu iliniletea taarifa kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa, nimtakie heri. Nilikuwa ndani ya daladala, hatujafika hata Mwenge. Nikashuka, nikatembea. Ninao ujumbe wake wa sauti wa sekunde 11, ananiuliza kama nimenunua gesi. Nausikiliza zaidi ya ninavyowaambia watu.

Naomba tupeane uzoefu. Wewe ilikugusa wapi? Wanaotaka kubishana kuhusu maana ya mwisho wake tuwape nafasi siku nyingine.

Kaskazi

Pole sana mkuu. Mimi niko Muscat mwaka wa sita sasa. Mama yangu alifariki Tanga usiku wa kuamkia Ijumaa, akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala. Nisingewahi hata ningepata tiketi. Binamu yangu akanipigia kwa video. Nikaliona jeneza likitoka nje, nikaona miguu ya watu, kisha mtandao ukakwama na picha ikaganda kwenye kofia ya mtu nisiyemjua. Nikabaki naitazama ile kofia mpaka simu ikakatika.

Kazini nilirudi siku ya pili, sikulia. Miezi saba baadaye nikapata likizo. Nilipofika nyumbani shangazi alinishika mkono, hakusema neno, akanikalisha kwenye mkeka. Nililia mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo mimi ni Tabaka la 12. Lain amekwisha kuamini kwamba mwili hauhitajiki tena. Arisu, rafiki yake wa shule, anaingia kwenye chumba cha Lain kilichojaa mashine, anauchukua mkono wa Lain, anauweka kifuani pake ausikie moyo. Moyo unakwenda mbio kwa sababu Arisu anaogopa, na hata hivyo hautoi ule mkono. Nilisimamisha picha hapo nikatoka nje kidogo.

Mwana_wa_Bweni

Nasema kwa mara ya kwanza. Mimi ni Arisu wa Tabaka la 8, yule ambaye siri yake inasambazwa kwenye Wired.

Nilimwamini mtu mmoja nikamweleza siri ya moyo wangu. Wiki hiyohiyo ikawa kwenye kundi la WhatsApp la hosteli, imeongezwa chumvi, na aliyeisambaza alitumia namba mpya yenye picha yangu mimi. Yaani watu walidhani nimejitangaza mwenyewe. Nilipoingia bwaloni kelele zilipungua. Aliyewahi kupita hapo anaijua hiyo sauti ya vijiko.

Ndiyo maana Lain wa pili, yule wa ndani ya Wired mwenye macho makali anayewacheka watu, ananitisha kuliko mazimwi yoyote. Ana sura ya rafiki yako. Lain wa kweli anaumia sana, anaamua kuufuta ule uvumi kwenye kumbukumbu za watu wote, lakini Arisu anabaki anakumbuka. Hapo mwandishi amesema kweli tupu. Kundi lilifutwa, wengine wameshahitimu na wamesahau kabisa. Mimi nakumbuka hata rangi ya gauni nililovaa.

Pwani2

Nawaheshimu wote hapo juu ila naomba nitoe upande wangu, kwa sababu naona kama tunaihukumu mashine peke yake.

Nina kigugumizi tangu nikiwa mdogo. Shuleni nilipoitwa kusoma, darasa zima lilikuwa linanimalizia maneno. Mtandaoni ndiko nilikojulikana kwamba nina akili, kwamba najua kusimulia. Rafiki zangu watatu wa karibu niliwapata hivyo, na mmoja alisimama nami kwenye ndoa yangu.

Mnamkumbuka baba yake Lain mwanzoni? Lain anaomba Navi mpya, naye anafurahi, anamwambia kwamba watu huungana na ndivyo jamii zinavyokwenda, hata binti kama yeye atapata marafiki upesi, asiogope. Wengi wanamwona yule mzee kama ndiye aliyemtumbukiza. Mimi nilimwelewa, ningetamani kuambiwa hivyo nikiwa na miaka 14. Na ni yeye anayemtokea Lain mwishoni kabisa, wakati hakuna tena anayemkumbuka, akamwambia atamwandalia chai. Nimeoa, nina mtoto, na bado pale machozi hunitoka.

Fundi_Waya

Mimi ni fundi simu. Kilichonikamata kwanza ni mlio wa nyaya za umeme barabarani, ule mvumo unaokuja kila Lain anapokwenda shule. Nimekaa na huo mvumo miaka mingi bila kuusikia, sasa nausikia. Pia Tabaka la 9, pale hadithi inasimama na kuletwa historia yenyewe: Vannevar Bush na wazo lake la mwaka 1945 la Memex, mashine ya kuhifadhi na kuunganisha maandishi, Ted Nelson na Xanadu, mradi wake wa maandishi yanayounganishwa kwa kompyuta, hadi mitetemo ya Schumann, ile ya sumakuumeme ya dunia yenyewe, kama mizunguko 8 kwa sekunde. Nilikaa wiki nzima nasoma.

Uzoefu wangu ni mmoja. Mama mmoja aliniletea simu iliyozama kwenye ndoo ya maji. Nikamwambia picha zinaweza zikapona. Akasema picha anazo ukutani, anataka sauti ya mumewe. Nilifanya siku mbili, nikaisafisha bodi, nikabadili sehemu ya chaji, ikawaka. Akakaa kwenye stuli yangu akazisikiliza, zote ni za kawaida: nimechelewa, funga mlango, mtoto amekula? Nilizima redio ya kibandani. Wateja waliofika walisubiri, hakuna aliyeharakisha.

Mleta mada

Nimewasoma wote, baadhi mara mbili. Mwana_wa_Bweni, asante kwa kutuamini.

Fundi, ulichoandika kimenifanya nifanye kitu ambacho miaka minne sikuthubutu. Leo asubuhi nimemtumia mama yake rafiki yangu ule ujumbe wa gesi. Nilikaa na simu mkononi, nikaona ameusikiliza, kimya. Baada ya nusu saa akanipigia. Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo. Akaniuliza: "Kumbe alikuwa anapika?"

Nikamsimulia pilau ya siku ile, watu sita kwenye chumba kimoja, na jinsi ilivyoungua chini tukaila yote.