Elektroskopu ya chupa ya jamu haishiki chaji, wakuu nisaidieni

Mwl_Ujiji: Wakuu, salaam. Kidato cha pili, mada ya umeme tuli, maabara haina kifaa. Nimetengeneza elektroskopu (kifaa cha kuonyesha kama kitu kina chaji ya umeme): chupa ya jamu, kizibo cha mbao, waya wa shaba, vijani viwili vya foili. Nasugua bomba la PVC kwa soksi ya sufu. Nikilisogeza karibu na waya vijani vinaachana vizuri, nikiliondoa vinaanguka papo hapo. Ni unyevu wa ziwa? Natanguliza shukrani.

Kibirizi: Unyevu huo mwalimu. Subiri kiangazi, Julai huko. Masika haya utajichosha bure.

Mnyamwezi_Fizikia: Unyevu unasingiziwa. Bomba ni hasi. Likisogea bila kugusa, elektroni (chembe zenye chaji hasi) za kichwa cha waya zinakimbilia kwenye vijani, vinaachana. Ukiliondoa zinarudi. Hata kukiwa kukavu kabisa huku Tabora ingekuwa hivyo hivyo. Hujaipa chaji bado.

Sogeza bomba, usiguse. Likiwa hapo, gusa kichwa cha waya kwa kidole: vijani vinalala. Ondoa kidole KWANZA, ndipo bomba. Vitaachana na kubaki hivyo, chaji ni chanya. Ukitanguliza kuondoa bomba umerudi sifuri.

Ukitaka ya kugusa, likokote bomba lote juu ya waya. PVC haipitishi umeme, inatoa chaji ya pale inapogusa tu.

Mwl_Ujiji: Ya kidole imekubali mkuu! Ila vinashuka polepole, nusu dakika vimelala.

Mnyamwezi_Fizikia: Sasa hapo mlaumu unyevu. Mbao imenyonya maji, chaji inapitia humo. Weka mfuniko wa plastiki, toboa, pitisha mrija wa soda, waya katikati, kisha jaza nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Ikiganda usiishike tena, jasho lina chumvi. Chupa na bomba vianike juani kabla ya kipindi.

Vijani usivigundishe. Toboa matundu, vining'inize kwenye ndoano ya waya vicheze. Foili ya pakiti ya sigara ni nyepesi, ila loweka kwanza ubandue karatasi.

Chaki_Nyeupe: Naongezea. Mwanafunzi akisema "kimevutwa, basi kina chaji", mkatalie. Vipande vya karatasi havina chaji na vinavutwa. Ushahidi ni kusukumana.

Mwl_Ujiji: Nawaonyeshaje kusukumana? Puto kwenye nywele imegoma.

Chaki_Nyeupe: Wanafunzi wamenyoa, na wasionyoa wamepaka mafuta, itakubali vipi? Sugua maputo mawili kwa sweta la shule, pande zote. Yafunge kwenye ncha mbili za uzi mmoja mkavu wa mita 1, uning'inize katikati kwenye rula. Yataachana yenyewe. Usiyashike ubavuni, shika fundo. Feni izime, la sivyo watasema ni upepo.