GPU inashindwa na CPU kujumlisha vekta: nibadilishe zoezi la maabara?

Muulizaji: Wakuu, habari. Naandaa maabara ya kwanza ya somo la ukokotoaji mseto, yaani programu moja inayogawa kazi kati ya CPU na GPU. Zoezi ni kujumlisha vekta mbili za float (namba za desimali za baiti 4) milioni 10 kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuandikia programu za GPU. Majibu yanatoka sahihi, ila CPU inamaliza mapema zaidi. Nahofia wanafunzi watasema GPU haina faida.

Jibu la 1: Msimbo wako hauna kosa, mkuu. Kila vekta ni MB 40. Mbili zinapelekwa kwenye kadi ya GPU, moja inarudi, jumla MB 120. PCIe 3.0 ya njia 16, yaani barabara ya data kati ya CPU na kadi, kwa vitendo hupitisha kama GB 12 kwa sekunde, hivyo usafirishaji peke yake unakula milisekunde 10. CPU inayosoma RAM kwa GB 30 kwa sekunde inamaliza kazi nzima kwa takriban milisekunde 4. Na ukitenga kumbukumbu kwa malloc ya kawaida, hata hiyo GB 12 huifikii, kwa sababu dreva hunakili data mara ya pili. Tumia cudaMallocHost, inayotenga kumbukumbu ambayo kadi huifikia moja kwa moja.

Jibu la 2: Kagua pia unavyopima. CPU ikishaita kerneli (kazi inayoendeshwa na GPU) haisubiri, inaendelea na mstari unaofuata; ukisimamisha saa hapo umepima wito tu. Tumia cudaEvent, alama za muda zinazowekwa na GPU yenyewe. Wito wa kwanza kabisa wa CUDA huandaa kadi na huchelewa sana, kwa hiyo weka cudaFree(0), wito mtupu wa kuiamsha, kabla ya kuanza kupima.

Jibu la 3: Tafadhali usilifute! Waambie wakadirie muda kwa kalamu kabla ya kuendesha programu, ndipo wahamie kwenye kuzidisha matriksi za 4096 kwa 4096. Data ni kama MB 200 tu, lakini operesheni ni bilioni 137. Hapo safari ya PCIe inalipa. Waanze bila vigae (vipande vidogo vya matriksi), kisha vigae vya 16 kwa 16 kwenye kumbukumbu ya pamoja ya bloku, yaani kundi la nyuzi (vijikazi vinavyoendeshwa sambamba), ili kila namba iliyosomwa itumike mara 16.

Wengi hukwama sehemu mbili. Ya kwanza, threadIdx.x, namba ya uzi ndani ya bloku, lazima ifuate safuwima. Ukiipa mistari, nyuzi jirani zinagusa anwani zilizoachana baiti 16,384 na kasi inaporomoka. Ya pili, __syncthreads(), amri inayozifanya nyuzi za bloku zisubiriane, ni mbili: baada ya kupakia kigae na baada ya kukitumia. Wakisahau ya pili, uzi wenye haraka unafuta kigae ambacho wenzake bado wanakisoma, na majibu yanabadilika kila wanapoendesha.