Katuni na nguo za Sikukuu: wazazi tupeane uzoefu

Assalaamu alaykum. Wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba, hili linanikera na nataka kusikia wengine mnafanyaje. Binti yangu ana miaka sita. Nguo ya Sikukuu niliyomshonea aliikataa, akataka gauni la buluu la Elsa, yule wa filamu ya katuni, lenye shela ya wavu mgongoni. Sokoni Darajani magauni hayo yametundikwa kila kona. Filamu yenyewe, Frozen, ilitoka 2013, yeye hajazaliwa! Filamu ilipita zamani, bidhaa zinaendelea kutafuta watoto wapya.

Biashara hii ina umri. Miaka ya 1930 Mickey Mouse alishawekwa kwenye saa za mkono. Miaka ya 1980 Marekani ikalegeza masharti ya televisheni, na katuni nyingi zikatengenezwa ili kuuza vichezeo vilivyokwisha kubuniwa. Sweden inakataza matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto chini ya miaka 12. Sawa, lakini filamu nzima ikiwa ndiyo tangazo, utaikataza vipi?

Fundi cherahani, Wete:
Alaykumu ssalaam. Mtoto wa kaka yangu nilimshonea gauni hilo hilo kwa kutazama picha ya kwenye simu. Shifoni nzuri, bitana laini, pindo nimelitia kwa mkono. Alilia, kwa sababu kifuani halina sura ya Elsa. Nilikaa na lile gauni mapajani nikaona huruma, maana mtoto wa miaka mitano tayari anajua kutofautisha ya kampuni na ya shangazi.

Muuza mikoba, Mchangani:
Nasema kweli yangu. Mkoba wa skuli usio na picha, mshono mara mbili, hukaa dukani miezi. Wenye katuni huondoka hata ukiwa ghali zaidi. Mtoto ananyoosha kidole, mama anafungua pochi. Nami nikiagiza mzigo naulizia katuni ipi inatazamwa sasa. Mshono naulizia baadaye.

Mama wa watatu, Chake:
Kwangu filamu wanatazama, siwanyimi, nyimbo wanazijua zote. Ila vitu vyake sinunui. Fedha wanazopewa Sikukuu ni zao, anayetaka gauni ajinunulie. Mwaka jana mkubwa alizihesabu, akauliza bei, akarudisha gauni kwenye kamba. Zote ziliishia Tibirinzi, kwenye uwanja wa Sikukuu, kwa bembea na aiskrimu. Mdogo bado ananililia, na kwake sijapata dawa. Mwenye njia nyengine atuwekee hapa.