Benki za Ujerumani zinatuchezea! Hela yangu ipo, akaunti sipewi

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Aliyekuja kusoma Ujerumani anaijua Sperrkonto. Kabla hujapewa viza unafungia euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa, ndiyo kiwango tangu Septemba 2024. Nyumbani wanauza kiwanja, mjomba anaongezea, hela inakwenda. Ukifika unatakiwa uachiwe euro 992 kila mwezi. Mtego uko hapo: hiyo 992 haitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida yenye jina lako, na hiyo ndiyo hawataki kukupa. Hela ni yako, unaiona kwenye simu, halafu unakopa ya kununulia mchele!

Nilianza na benki ya kwenye simu, hizi zinazojinadi kwamba unafungua akaunti ukiwa umekaa kitandani. Dada wa kwenye video akaniambia nishike pasipoti mbele ya kamera, niilaze, niiinue, niigeuze aone alama zinazong'aa, kidole kisizibe namba. Nikageuza mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho ananiambia pasipoti ya Tanzania haikubaliki kwa njia ya video. Sasa dada, si ungeniuliza natoka wapi kabla ya kunizungusha kama feni? Na hii ni ile pasipoti ya kielektroniki iliyoanza 2018, ina chipu ndani. Uwanja wa ndege nimepita nayo bila swali.

Nikaenda benki yenye tawi na watu. Wakataka Anmeldung, cheti cha kujisajili makazi. Sheria inakutaka ujisajili ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ila ukitafuta miadi mtandaoni imejaa. Mwenye nyumba naye hataki noti, anataka kodi ipite benki. Nimehangaika, cheti kimepatikana, nikarudi kifua mbele. Wakahamisha goli: sasa tunataka kadi ya ukaazi, viza ya kwenye pasipoti haitoshi. Foleni ya kadi hiyo wanaoishi huku mnaijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ipo. Tangu Juni 2016 kila anayeishi kihalali ndani ya Umoja wa Ulaya ana haki ya kupewa Basiskonto hapa, yaani akaunti ya msingi, awe mwomba hifadhi, awe hana hata anwani ya kudumu. Benki ikishapokea fomu iliyokamilika ina siku 10 za kazi, na ikikataa inatakiwa itoe sababu kwa maandishi. Lakini mtu wa dirishani ananikazia macho anasema huduma hiyo hawana. Fomu iko kwenye tovuti yao wenyewe, wameifukia huko chini! Nilipomwonyesha kwenye simu ndipo akakumbuka kumwita bosi wake.

Bosi naye akaanza habari za "nchi zenye hatari". Kama ni ile orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kinakoweka nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Tanzania ilitolewa Juni 2025. Bosi wa benki hasomi habari?

Na hata ukipewa, angalia makato. Basiskonto mara nyingi ni ghali kuliko akaunti za wengine, yaani asiye na kitu ndiye anayekamuliwa. Mwaka 2020 mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai iliiangusha benki moja kubwa iliyokuwa ikitoza euro 8.99 kwa mwezi.

Kwa mnaokuja: jina lako libandikwe kwenye sanduku la barua mlangoni siku hiyo hiyo unayohamia. Kadi ya benki inakuja na bahasha yake, namba ya siri na yake. Mleta barua asipoona jina anarudisha zote, unaanza upya.

Mimi fomu nimeacha pale kaunta na nakala yangu nimeigongesha muhuri wa tarehe, bosi kanuna lakini kagonga. Siku zao zikiisha kimya, malalamiko yanakwenda BaFin, wasimamizi wa mabenki, na kulalamika huko ni bure.

Kuna mkuu humu aliyewahi kuwapeleka BaFin? Walimjibu baada ya muda gani, na aliandika kwa Kijerumani au Kiingereza walikubali? Na kama kuna mtu amefunguliwa akaunti kwa pasipoti ya TZ na viza tu, aseme ni mji gani, nauli nitatafuta.