Kava za muvi zinanenepa kwenye tivii pana, nifanyeje?

mlinzi_wa_rimoti:
Wakuu naombeni msaada. Nina pleya ya zamani kidogo, menyu yake inaonyesha kava ya kila muvi, sasa kwenye tivii pana kava zote zinatokea zimenenepa, sura za watu zimetanuka na maandishi yamelala, ila nikifungua faili hilohilo kwenye kompyuta liko poa kabisa. Picha ni pikseli 400 upana kwa 600 kimo. Nilizipunguza saizi, zimekuwa ndogo lakini unene uko palepale. Muvi zenyewe zinacheza vizuri tu. Shida iko wapi?

pikselibora:
Usiguse picha kwanza, pima. Weka kava ya mraba, chukua rula upime hapohapo kwenye kioo. Ukipata kimo sm 30 na upana sm 40 ujue menyu ilichorwa kwa tivii za 4:3 (zile za zamani, upana 4 kwa kimo 3) na sasa inavutwa ijaze kioo cha 16:9 (tivii pana, upana 16 kwa kimo 9). Halafu ingia setingi za pleya, kama aina ya tivii imewekwa 4:3 badilisha iwe 16:9. Kuna pleya hapo zinanyooka, kuna nyingine zinanyoosha muvi tu menyu inabaki vilevile.

mlinzi_wa_rimoti:
Nimepima mkuu, ni 30 kwa 40 kweli. Na setingi iko 16:9 tayari.

fundi_kava:
Basi dawa ni picha. Ulivyopunguza pande zote mbili kwa pamoja uwiano haukubadilika ndo maana hukuona tofauti. Bana upana peke yake ubaki asilimia 75, kimo kiache, yani 400x600 inakuwa 300x600. Kwenye kompyuta itaonekana imekonda, usishtuke, tivii ikishaivuta inarudi umbo lake. IrfanView, programu ya picha ya kompyuta, inafanya folda zima kwa mpigo, ila toa tiki pale pa kulinda uwiano la sivyo itapunguza na kimo. Na tafadhali sana fanyia kwenye kopi!! Ukija kupata pleya yenye menyu ya 1920x1080, yani iliyochorwa 16:9 tayari, hizo ulizobana zitakonda zote na utazihitaji zile za mwanzo.

mlinzi_wa_rimoti:
Imekubali, sura zimerudi. Za muziki je, zile za mraba?

fundi_kava:
Hesabu ileile, 600x600 weka 450x600.

pikselibora:
Hiyo ni kwa pleya yako lakini. Kwa anayetaka kava ya mraba ijae kioo kizima cha 1920x1080, mi nasema asiivute wala asiikate, inauma kuona kava nzuri imekatwa kichwa cha msanii ili tu pasibaki nafasi. Iweke katikati ikiwa 1080x1080, kila upande zinabaki pikseli 420, jaza weusi au kava hiyohiyo ikiwa imefifishwa. Na kama kingo za juu na chini bado zinaliwa, hapo tivii ndo inakuza picha, tafuta kwenye setingi zake ile ya kuonyesha picha nzima bila kukuza.